Je, Asiyejua Hana Kosa?



Kwa miaka mingi tulisaidia kuwafundisha Katekisimu watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara. Katika Amri zote Kumi, iliyotupa taabu ndogo ni ya tisa, ile inayotukataza kutoa ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Watoto waliifahamu mara moja. Tuliwauliza, "Kushuhudia uongo maana yake nini?" Wakajibu, "Ni kusema fulani ameiba, na hali hakuiba." Tukaridhika, tukaendelea na amri ya kumi.

Sasa tumestaafu, tunao wakati wa kufikiri, na twaona kwamba amri ile tuliipita upesi mno. Liko swali moja ambalo hakuna mtoto aliyetuuliza, wala sisi hatukujiuliza. Mtu akisema uongo juu ya jirani yake, huku akiamini kwa moyo wote kwamba anasema kweli, je, ana kosa? Wengi watajibu upesi kwamba asiyejua hana kosa. Sisi nasi tulijibu hivyo zamani. Tunaomba msomaji atuvumilie tueleze kwa nini jibu hilo halitutoshi tena.

Ilikuwa mwaka wa 1983. Tulikuwa tumemaliza chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, tukapangwa kufundisha katika shule ya kijijini. Jirani na nyumba ya walimu aliishi binti wa miaka kumi na saba, mke wa kijana mmoja mkulima. Uchungu ulimshika jioni. Usiku ukapita, mchana ukapita, na usiku wa pili ukaingia, mtoto hajatoka. Kina mama wazee waliokuwa naye wakasema kile walichofundishwa na mama zao: mtoto hukataa kutoka pale mama anapokuwa na siri. Na amtaje huyo mwanamume, njia itafunguka.

Binti akakataa, akalia, akaapa. Wakazidi kumsihi, tena kwa upendo, maana walitaka apone. Karibu na alfajiri alitaja jina. Alitaja jina la kwanza lililomjia, la kijana ambaye tangu mwaka wa nyuma alikuwa akikata mkonge katika shamba la mbali, wala hakuwapo kijijini. Njia haikufunguka. Siku ya tatu alichukuliwa kwa lori hadi hospitali. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mama alipona, lakini alirudi akiwa na ugonjwa wa kutokwa na mkojo usiku na mchana bila kuweza kuuzuia. Mumewe alimrudisha kwao. Hakumrudisha kwa sababu ya ugonjwa, au ndivyo alivyosema. Alimrudisha kwa sababu ya lile jina.

Na sisi je? Tulikuwa tumesoma Biolojia. Mchoro wa mifupa ya nyonga tuliuchora ubaoni kwa chaki za rangi. Lakini juma lile, katika chumba cha walimu, mtu alipoleta habari ile, sisi tulitikisa kichwa tukasema, "Kumbe alikuwa na mtu." Maneno manne tu. Wenzetu wakaitikia, na kwa kuwa yalitoka kwa walimu, yalikwenda mbali.

Ukweli wa jambo lile ni huu. Mtoto hukwama kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kuliko njia ya mifupa ya mama, au kwa sababu amekaa vibaya tumboni, kwa mfano amelala kingamo. Msichana ambaye mifupa yake haijamaliza kukua yumo hatarini zaidi. Kichwa kikikwama kwa muda mrefu, huibana nyama laini iliyo kati yake na mfupa, damu isiifikie. Nyama isiyopata damu hufa, na siku chache baadaye hutoboka. Tundu hilo likiwa kati ya kibofu na njia ya uzazi, mkojo hupita bila kizuizi. Ndio ugonjwa uitwao fistula. Hapana jina la mwanamume liwezalo kuupanua mfupa. Kinachosaidia ni kufika hospitali mapema, na pengine mama apasuliwe ili mtoto atolewe salama.

Kisa hicho si cha pekee. Tumejaribu kukumbuka maneno tuliyoyasikia tangu utoto juu ya miili ya kina mama, tukayapima kwa yale yanayojulikana. Tutayataja machache.

La kwanza ni la nyumba isiyo na mtoto. Ndoa ikipita miaka miwili mitatu bila mtoto, kijiji kizima humtazama mke. Yeye ndiye apelekwaye kwa waganga, yeye ndiye aitwaye tasa, na mara nyingi yeye ndiye aletewaye mwenzake. Lakini madaktari wamepima muda mrefu, wakaona kwamba katika karibu nusu ya ndoa za namna hiyo, upande wa mume nao una sehemu yake. Kuwa na nguvu za kiume si ushahidi kwamba mbegu ni nzima, na kipimo chake ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mke. Hata hivyo twawajua kina baba waliokwenda mpaka mji wa mbali kumtafutia mke dawa, wasiweze kuvuka barabara kuingia maabara wapimwe wao.

Wengine husema kwa lugha ya dini: Mungu amemfunga tumbo kwa sababu ya dhambi zake. Hao na waifungue Injili ya Luka, sura ya kwanza. Luka, ambaye Mtakatifu Paulo anatuambia alikuwa tabibu, anasema waziwazi kwamba Zakaria na Elisabeti walikuwa wenye haki mbele za Mungu wote wawili, kisha anasema hawakuwa na mtoto. Ameyaweka maneno hayo mawili pamoja ili tusije tukayachanganya. Tukumbuke pia Hana, mama yake Samweli. Alipoomba kwa uchungu hekaluni, kuhani Eli alimwona midomo ikichezacheza, akadhani amelewa. Mtumishi wa Mungu, mzee wa heshima, alimtazama mama mwenye huzuni akamhukumu kwa kosa asilolitenda. Na alipoelezwa, Eli alibadili neno lake pale pale, akambariki. Hapo ndipo alipotushinda wengi wetu.

La pili ni la mama azaaye mabinti watupu. Huambiwa kwamba tumbo lake halina wana wa kiume. Elimu inasema kinyume. Yai la mama huwa na kromosomu ya namna moja tu, ile iitwayo X. Mbegu za baba ndizo za namna mbili, nyingine X na nyingine Y. Ikitangulia yenye X, huzaliwa msichana, na ikitangulia yenye Y, huzaliwa mvulana. Mmoja wa watu wa kwanza walioonyesha siri hiyo, mwaka 1905, kwa kuchunguza wadudu, alikuwa mwanamke wa Marekani, Nettie Stevens, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule. Kwa hiyo kama pangekuwa na wa kulaumiwa, asingekuwa mama. Lakini baba naye hachagui. Hapana wa kulaumiwa.

Sisi Waanglikana tunayo sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alimwacha mkewe Catherine kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume aliye hai, ila binti mmoja. Akamwoa Anne Boleyn, naye akazaa binti. Mwaka 1536 Anne alikatwa kichwa kwa mashtaka ya uzinzi ambayo wanahistoria wengi hawayaamini. Yule binti ambaye baba yake hakumtaka ndiye Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hata 1603, na chini yake Kanisa la Uingereza likatulia. Basi historia ya Kanisa letu imeguswa na kosa hilo la kumlaumu mama kwa lisilo lake.

La tatu ni la hedhi. Wengine wetu tulikua tukiambiwa kwamba mama aliye katika siku zake akipita katika shamba la maboga, maboga yataoza, na kwamba asiingie kanisani, seuze kupokea Ushirika Mtakatifu. Maboga huoza yapitiwe na nani au yasipitiwe. Hedhi ni ngozi laini ya ndani ya mji wa mimba iliyojitayarisha kumpokea mtoto, na isipopata mtoto hutoka pamoja na damu. Ni utunzaji wa nyumba tu. Si uchafu wa roho, wala haiozeshi kitu.

Na juu ya kanisa, swali hilo limejibiwa zamani. Papa Gregori Mkuu alimtuma mtawa Agostino kwenda Uingereza. Agostino alifika mwaka 597, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Canterbury. Mwanahistoria Beda, aliyeimaliza historia yake mwaka 731, ametuwekea maswali ya Agostino na majibu ya Gregori. Agostino aliuliza kama mama aliye katika siku zake aweza kuingia kanisani na kupokea Ushirika. Gregori akajibu kwamba asizuiwe. Akijizuia mwenyewe kwa unyenyekevu, vema, lakini akipokea asihukumiwe. Akamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, aliyegusa vazi la Bwana wetu. Bwana hakurudi nyuma. Alimwita binti yake mbele ya watu wote. Hata ibada yetu ya mama aliyejifungua iliitwa utakaso katika Kitabu cha Sala cha 1549, lakini kitabu cha 1552 kikabadili jina, kikaiita shukrani. Shukrani na utakaso si kitu kimoja.

La nne ni la hatari kuliko yote, maana huua kwa saa chache. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, huanguka akatukutika. Watu husema amepandwa na pepo, wakatafuta wa kumpunga, na hata baadhi ya waumini humzunguka kwa maombi mpaka asubuhi. Mara nyingi ugonjwa huo ni kifafa cha mimba. Huja pamoja na presha ya damu kupanda, na kwa kawaida hutanguliwa na dalili: kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, maumivu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba. Ipo dawa ya sindano ya kuuzuia mtukutiko, na mimba yenyewe hutunzwa au humalizwa kwa uangalizi wa daktari. Hatusemi watu wasiombe. Tunasema waombe ndani ya gari linalokwenda hospitali.

La tano ni la saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Tanzania ndiyo saratani inayowapata kina mama wengi kuliko nyingine. Tumesikia, tena kutoka vinywa vya watu wa kanisa, kwamba ni ugonjwa wa wanawake waasherati. Mwaka ule ule wa 1983, daktari wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake walikipata katika saratani hiyo kirusi cha jamii ya papiloma, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hicho huenea kwa kujamiiana, ndiyo, lakini ni cha kawaida mno hata watu wengi waliopata kuoa au kuolewa hukipata wakati fulani, na wengi mwili wao hukishinda wasijue. Mama aliyemjua mume mmoja tu maisha yake yote aweza kukipata kwa mume huyo. Nani basi ana haki ya kusimama kando ya kitanda chake na kumhesabia dhambi? Kwa hofu ya kusemwa hivyo, mama huficha damu inayomtoka mpaka ugonjwa umekwisha kuenea. Hata mama aliyekoma hedhi miaka mingi, akiona damu tena, huambiwa kwa kicheko kwamba usichana umemrudia. Damu hiyo si ya kuchekwa. Ni ya kupelekwa kwa daktari upesi.

Tena tusidhani maneno ya namna hii ni ya wazee tu. Chanjo ya kuzuia kirusi hicho ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hata 14. Mara habari ikaruka katika simu za mkononi kwamba chanjo hiyo itawafanya mabinti zetu wawe tasa. Si kweli. Mamilioni ya wasichana katika nchi nyingi wamechanjwa, wakafuatiliwa kwa miaka, na haikuonekana kwamba inawazuia kuzaa. Aliyeyapeleka maneno yale kwa simu si bibi asiyejua kusoma. Ni kijana wa kidato cha nne, na pengine mjumbe wa baraza la kanisa.

Msomaji huenda atauliza kama wazee wetu walikuwa waongo. Hasha. Mtu ashuhudiaye msiba asiouelewa hutafuta sababu, maana msiba usio na sababu hauvumiliki. Kina mama wale wa mwaka 1983 hawakuwa na chombo cha kupimia nyonga. Walikuwa na neno walilopokea, wakalitumia kama dawa. Wala watu wa Ulaya hawakuwatangulia sana. Wayunani wa kale waliamini kwamba mji wa mimba hutembea mwilini na kumtia mwanamke wazimu. Na daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwatuliza kina mama maumivu ya kuzaa kwa klorofomu, mwaka 1847, ilimbidi awajibu kwa maandishi wale waliosema ni kinyume cha Kitabu cha Mwanzo. Aliwakumbusha kwamba katika kitabu hicho hicho Mungu alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Malkia Victoria alipojifungua mwanawe Leopold kwa kutumia dawa hiyo, mwaka 1853, makelele yakapungua.

Wala si kila neno la wazee ni la kutupwa. Walisema mama aliyejifungua asifanye kazi nzito siku arobaini, apikiwe uji na supu, atunzwe ndani. Madaktari nao huhesabu siku 42 baada ya kuzaa kuwa za hatari, na husema mama apumzike na aangaliwe. Wazee waliliona hilo kwa macho tu, bila kitabu. Lakini baadhi yao walisema pia kwamba maziwa ya kwanza ya njano ni machafu, yakamuliwe chini, na kumbe hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo kazi yetu ni kama ya mama mwenye ungo. Hatupi mchele kwa sababu ya pumba, wala hali pumba kwa kuheshimu mchele.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tunaona kwamba kutojua kuko kwa namna tatu.

Kwanza kuna kutojua kwa mtu asiye na mahali pa kuuliza. Huyo hatuwezi kumhesabia kosa, na tunaamini Mungu hamhesabii.

Pili kuna kutojua kwa mtu mwenye mahali pa kuuliza asiulize, kwa kuwa jibu alilo nalo linamfaa. Mume asiyetaka kupimwa yuko hapa. Kutojua kwake ni nyumba aliyoijenga mwenyewe ili ajifiche. Na hapa msomaji aone jambo moja. Zamani tulipotumwa dukani kununua sukari, mama alituambia tuitazame mizani ya mwenye duka. Mizani mbovu kwa bahati mbaya hukosea huku na huku. Lakini ikiwa kila siku inakosea upande mmoja, tena upande wa faida ya mwenye duka, hiyo si bahati mbaya. Basi tazameni maneno tuliyoyataja. Mtoto asipokuja, ni mama. Akija wa kike, ni mama. Akikwama, ni mama. Saratani ikiingia, ni mama. Mizani gani hii isiyopata kukosea hata mara moja kwa upande wa baba? Mtu mwaminifu akiiona mizani ya namna hiyo hapaswi kungoja kusoma udaktari ndipo aitilie shaka.

Tatu kuna kutojua ambako si kutojua hasa. Ni kujua darasani na kusahau mtaani. Mtu anao ukweli, lakini wakati wa kuusema ukifika anaona ni rahisi kuitikia pamoja na wengine. Hapo ndipo tulipokuwa sisi katika chumba kile cha walimu. Mbele ya binti yule tulikuwa na kosa kuliko wale kina mama wazee, kwa maana wao walikosea wakitaka kumponya, na sisi tulikosea tukitaka mazungumzo tu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kuamini kwamba neno ni kweli hakutoshi kumpa mtu haki ya kulisema. Yatupasa tuulize pia: Neno hili likiwa si kweli, ni nani atakayelipa? Mtu akiamini kwamba mvua itanyesha juma lijalo akapanda, isiponyesha, mbegu zilizopotea ni zake. Na aamini atakavyo. Lakini neno ambalo likikosewa atalipa mwingine, kwa ndoa yake, kwa jina lake, au kwa uhai wake, hilo ni kama mali ya amana. Mwenye kushika amana hatoi kabla ya kuhakikisha. Asiyehakikisha amevunja amri ya tisa, hata kama alikuwa na moyo mweupe, kwa sababu hakumjali jirani kiasi cha kuuliza.

Tufanye nini basi? Hatuagizi makubwa. Zahanati ipo, muuguzi yupo, na katika mtaa wetu wamo wakunga waliosomea kazi hiyo, ambao Jumapili huketi nasi benchi moja. Waulizwe. Kina baba waende kliniki pamoja na wake zao, wakasikie kwa masikio yao, na wakubali kupimwa. Kina mama wasione haya kueleza dalili wanazoziona, na wale wa makamo wakapimwe mlango wa kizazi, maana ugonjwa huo ukionekana mapema hutibika. Wazazi wawapeleke mabinti kuchanjwa. Na mtu akipokea habari katika simu yake juu ya miili ya watu, aiweke kwanza kama anavyoweka noti anayoishuku, asiipitishe kwa mwenzake.

Na lililo gumu ni hili: yule tuliyekwisha kumshuhudia uongo, tumfuate.

Sisi tulichelewa. Binti yule alikaa nyumbani kwa mama yake miaka ishirini na mitatu, akiketi mbali na watu kwa ajili ya harufu, asije kanisani. Mwaka 2006 ndugu zake walisikia kwamba fistula inatibika kwa kupasuliwa, wakampeleka Dar es Salaam. Matibabu hayo si mageni. Madaktari mume na mke kutoka Australia, Reginald na Catherine Hamlin, walifungua hospitali ya ugonjwa huo huko Addis Ababa tangu mwaka 1974. Miaka yote ile aliyokaa mlangoni kwa mama yake, ugonjwa wake ulikuwa na dawa. Ila kwa kuwa watu tuliuita adhabu, hakuna aliyefikiri kuuliza kama una tiba.

Alirudi mkavu. Jumapili moja tulimwona kanisani, ameketi katikati ya kina mama wenzake. Baada ya ibada tulimfuata chini ya mwembe, tukamwambia tulichokisema mwaka ule, tukamwomba atusamehe. Tulidhani atakasirika, au atalia. Alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hata mimi niliamini. Nilikaa miaka yote ile nikitafuta nilikosa wapi."

Alitusamehe. Lakini maneno yale hayajatutoka mpaka leo, ndiyo maana tumeyaandika hapa. Ushuhuda wetu wa uongo ulikuwa umekwenda mbali mpaka ukamshawishi mshtakiwa mwenyewe, naye akajihukumu kwa kosa ambalo halikuwako. Ndugu, kabla ya kufungua kinywa juu ya mwili wa mama yeyote, tuulize kwanza. Mungu atupe masikio ya kuuliza na ulimi wa kweli.